Swichi

Ussi wa duka la simu ameniambia:
ukishuku kuwa unaota, bonyeza swichi ya taa.
Isipowaka, umo ndotoni.
Nilicheka mpaka nikaegemea kaunta yake.
Ussi mwanangu, hapa Wete?
Kwa kipimo hicho nusu ya umri wangu sijaamka.

Lakini neno liliniganda.

Kwa sababu usiku wa kuamkia Jumatatu
Shaame alikuja kituoni na gunia.
Mimi nipo mezani, kalamu sikioni,
foleni imetoka nje hadi kwenye majamvi,
karafuu kavu zinakwaruza koo.
Akalitua. Akajifuta jasho kwa kofia, desturi yake.
Nami nilijua.
Msidhani sikujua.
Nilijua kaka yangu alianguka mkarafuuni, Mtambwe,
tawi lilimtupa saa nne ya asubuhi,
na mkono huu huu ulimtia udongo.
Vyote nilivijua, na nilichosema ni hiki:
"Shaame, wewe marehemu. Siwezi kukulipa
bila ya hati ya mirathi."

Akaniangalia kwa huruma.
"Basi pima tu. Pesa atachukua Mize."

Nikapima.
Sindano ikatetema baina ya thelathini na mbili na thelathini na tatu,
haikutaka kutua.
Hapo nikajisemea, kwa sauti, wazi kabisa:
hii ndoto.
Kisha nikafunua daftari, nikaandika tarehe.

Sasa hiyo mnaihesabu vipi?

Ussi anasema haihesabiki.
Anayejua huruka juu ya minazi,
hupita ukutani, huita amtakaye akaja.
"Wewe, mzee, ulijua kwa mdomo tu."
Kwa mdomo!
Na mwaka ule Kiuyu walipouona mwezi
na sisi tukaona wingu,
wao wakala, sisi tukafunga,
mwezi wenyewe si ulikuwepo?
Mwembamba kama ukucha uliokatwa,
haukungoja ushahidi wa mtu.

Miaka ishirini na sita nimekaa kwenye mizani.
Najua gunia lililotiwa maji, najua lililotiwa mchanga,
najua kilo na robo yake.
Hili la kujua nusu sikufunzwa jiwe lake.

Nikampelekea Mize.
Nilimkuta anachambua, karafuu huku, makonyo kule,
macho yako kwengine.
Akauliza Shaame alivaa nini. Nikamwambia.
Akauliza kilo ngapi. Nikasema haikutua.
Konyo moja likaenda upande wa karafuu,
asilirudishe.

"Kwangu huja sana," akasema.
"Na mimi, shemeji, najua tokea anapopiga hodi.
Chandarua nakijua kimenigusa bega,
najua nimelalia ubavu wa kulia,
mtoto anakohoa chumba cha pili, namsikia.
Lakini nikitamka tu, naamka.
Basi najitia sijui.
Namtilia chai. Namwuliza kesho mkarafuu upi,
na akiutaja ule ule
namwambia: chukua kofia, jua kali."

Sikumjibu.
Nilimsaidia kuchambua mpaka adhana ya magharibi.

Hakuna tena kilichosemwa, ila nilipovaa viatu
aliniambia kwa mgongo:
"Huyo kijana wa simu hajafiwa."

Nimefika nyumbani giza limeshaingia.
Nimepapasa ukuta wa ukumbini, nimebonyeza.
Kimya.
Nimebonyeza tena.
Umeme umekwisha kwenye tukuza, hapana shaka,
nilimwambia mtoto anunue tangu asubuhi.
Au.

Nimesimama, kidole bado kiko juu ya swichi.
Nje barazani mtu ametua kitu kizito
na anavuta pumzi.
Sijamwuliza nani.