Tiketi ya Msindikizaji

Dirishani pale Kunduchi, karani mwenye kucha za kijani
anainua shingo, anachungulia nyuma yetu,
chini kidogo, usawa wa mapaja.
"Watoto wangapi?"
"Hatuna."
"Wanakuja na gari la nyuma?"
"Hatuna watoto, dada. Tumekuja kucheza."

Ubao una bei mbili: Mtoto. Msindikizaji.
Hakuna neno kwa ajili yetu.
Basi tunalipa kama wasindikizaji wawili
wasio na wa kumsindikiza,
tunafungwa utepe wa njano mkononi
kama mizigo iliyokaguliwa.

Mwinshehe ana miaka arobaini na sita na kitambi cha ofisi ya ardhi.
Kaptura kainunua jana Kariakoo, bado ina kibandiko cha bei.
Wifi alipopiga simu nilimwambia tuko msibani,
maana msiba hauulizwi maswali.

Nisiongeze uongo mwingine: nusu ya kwanza haikuwa tamu.
Muziki unapigwa kama una ugomvi na masikio.
Chipsi kwa bei ya kilo mbili za mchele, tena zimepoa.
Vikombe vya kuzunguka vilinizungusha
hadi chai ya asubuhi ikataka kutoka kunisalimia.
Kwenye treni ndogo magoti ya Mwinshehe yalifika kidevuni,
na akina mama kwenye viti vya plastiki
wakatutazama kwa huruma ile ninayoijua,
huruma inayokaribia kutoa namba ya mganga.

Sivyo, nilitaka kusema.
Wengine wana bustani, wengine wana kwaya,
sisi tuna Jumamosi.

Nikakumbuka Idi ya Mnazi Mmoja,
bembea za mbao, vijana wakizisukuma kwa mikono,
shilingi yangu imelowa jasho kiganjani,
na foleni iliyoisha pamoja na jua.
Mama akasema, "Idi ijayo."
Idi ijayo nilikuwa na mdogo wangu mgongoni.
Iliyofuata, mwingine.
Nimesindikiza tangu hapo.

Saa kumi hivi, penye mtelezo mrefu,
ule wa bluu unaojikunja kama utumbo,
mwanamke mwenye mimba kubwa akanigusa bega:
"Shoga, nisaidie. Huyu hajafika pembe za twiga,
wanasema apande na mtu mzima."
Twiga wa rangi amechorwa ukutani, kazi yake kupima watu.
"Naitwa Ilhamu," akasema mwenyewe,
"nina saba na nusu. Wewe unaogopa?"
"Hapana."
"Mbona umeshika chuma hivyo?"

Ngazi themanini na mbili; nilizihesabu
kama mtu anayehesabu madeni.
Juu kabisa niliona mabati hadi Tegeta,
matangi meusi ya maji, minara ya simu,
mashuka ya mtu kwenye kamba,
na Mwinshehe chini, mdogo kama kifungo,
akinipungia kwa ndala yangu moja.
"Usifumbe macho," Ilhamu akaagiza, "utakosa."
Akanishika mkono.

Siwezi kueleza yaliyofuata.
Sauti niliyoitoa si ya mhasibu.
Ilitoka kwenye foleni ile ya zamani,
ikapita miaka thelathini na minne bila kukata tiketi,
ikatua majini, pwaa, ikameza klorini.

Tukarudi tena. Na tena.
Mara ya nne Ilhamu alichoka, akaenda kula embe la pilipili,
nami nikabaki mstarini
kati ya watoto wanaonifika kiunoni.
Mlinzi wa ngazi akauliza, "Mama, mtoto wako yuko wapi?"
Nikamwonyesha magoti yangu,
yamechubuka yote mawili.
Akasogea pembeni.

Kesho yake wifi akapiga: msiba ulikuwaje?
Nikamwambia tumezika salama,
ila marehemu aliamka mara nne.