Hesabu ya Mwezi wa Tisa

Mara ya kwanza jibu lilisema sifuri.
Yasinta wa maabara alilisoma polepole
kama anayefungua barua ya msiba,
nami nikacheka: andika vizuri, binti,
hata benki hawajaniandikia hivyo.

Sifuri ile niliigharamia mwenyewe.
Dripu mbili, wiki mbili kati yake,
kiti cha buluu kule Mwanza,
maji yasiyo rangi yakishuka tone, tone,
na daktari Rwegasira akichora nyuma ya bahasha:
hizi ni seli B, askari wa damu.
Za kwako zimekosea adui,
zinavizia magoti, vifundo, vidole.
Tunatuma kingamwili izitafute, izifute.
Zote? nikauliza. Na zile njema?
Akafunika kalamu.
Haichagui, mama.

Nikarudi Tabora kwa treni ya usiku,
nyumba isiyo mlinzi, komeo limeegeshwa tu.

Kabla ya hapo vidole vyangu vilikuwa tangawizi.
Asubuhi nilivianika juani kama mihogo
hadi saa nne, ndipo vikubali kikombe.
Nyamizi alinifunga vifungo vya blauzi
akitazama pembeni, asinione ninavyomwona.
Na kazi yangu ni nini? Vifuniko.
Kwenye chama chetu cha asali, wengine wanachuja,
wengine wanabandika lebo,
Kalunde anafunga vifuniko.

Mwezi wa tatu nikafunga thelathini bila kupumzika.
Mwezi wa tano nikavifunga kwa hasira.

Lakini mafua ya jirani yalikuwa simba kwangu.
Sikwenda msibani kwa Mwasi.
Sikwenda kwa Mzee Lubeleje, aliyenifundisha kusoma mizani.
Nilituma rambirambi kwa mkono wa Nyamizi
na mtaa mzima wa Ipuli ukajua:
Kalunde amepona mikono, ameota kiburi.
Nani angewaeleza kwamba dawa
imefagia ua mpaka vifaranga?

Wenzangu chamani wana mfano wao:
mzinga ukifukizwa moshi, nyuki watarudi.
Nimeuchoka.
Hapa Tabora hata deni la duka hulinganishwa na nyuki.
Tena nyuki hurudi na uchungu wao uleule.

Leo, mwezi wa tisa, ujumbe umenikuta kwenye chujio,
mikono inanata, Nyamizi akanishikia simu.
Saba.
Neno moja tu, kisha Yasinta akapiga:
zinaanza kurudi, mama, ila hizi ni changa,
zimetoka ubohoni juzi, hazijapigana na yeyote.

Saba.
Karibuni basi, wageni wangu mliozaliwa humu humu.
Mafua, yajueni. Malaria, ijueni vizuri sana.
Lakini hiki ni kidole cha shahada,
hiki cha kati, hapa panaitwa kifundo cha mkono:
ni watu wa nyumbani, wasalimieni mpite.
Waliowatangulia wamewaachia neno?
Maana alfajiri hii kidole cha shahada
kilichelewa kukunjika.
Kidogo tu.
Sijamwambia Nyamizi.
Daktari alisema zikirejea, huenda ugonjwa ukarejea nazo,
huenda usirejee, tutapima tena.
Kwa hiyo ninafurahi kwa upande mmoja
kama mtu anayelalia ubavu usiouma.

Jioni nimevaa barakoa, nimekwenda kwa Mwasi,
miezi sita nyuma ya matanga.
Hakuuliza. Alinitandikia mkeka.
Nikamkabidhi chupa ya asali, ile ya mwezi wa tano,
akaishika kifuani, akakaza meno, akazungusha.
Haikufunguka.
Akaifunga kwa khanga, akajaribu tena.
Nani kaifunga hii, shetani?

Ni mimi, nikamwambia, nilipokuwa sifuri.
Hebu nipe.