Kukunja Muda

Mama aliniuliza kwa simu kutoka Korogwe:
"Hiyo eksirei yenu, mnampiga nani?"
Nyota, mama.
"Imevunjika wapi?"
Nikacheka hadi jirani akagonga ukuta.

Si sisi tunaoipiga. Inatupiga yenyewe,
nyota iliyokufa ikasinyaa,
upana wake kutoka hapa Leicester mpaka Loughborough,
nauli ya basi moja,
uzito wake jua zima na chenji.
Huzunguka mara saba kabla hujamaliza kutamka pia.

Pia: kile kichezeo cha mti wa mpera
tulichokichapa kwa kamba uani
hadi kikasimama kimya kwa kasi.
Pia: vilevile, na yeye.
Sijajua bado ni ipi ninayoipima.

Chembe za mwanga zinatufikia nne kwa sekunde,
au tatu, au hamna.
Kila moja imeandikiwa saa yake ya kufika.
Profesa Pugh alinieleza siku ya kwanza
kwa sauti ya mleta msiba:
dunia inatembea, chombo huko angani kinatembea,
basi saa ya kila chembe ihamishwe,
isomwe kana kwamba tumesimama karibu na jua
mahali asipowahi kusimama mtu.
Nikamwambia, nimekulia nyumba yenye saa mbili.
Ukutani mshale unasema nane,
mdomoni tunasema mbili,
na hakuna aliyechelewa shule.
Hakuelewa. Si kitu.

Jumamosi napeleka nguo kwa Bi Kantaben,
mashine sita za kufulia, moja mbovu tangu Krismasi.
Kazaliwa Kisumu; Kiswahili chake hakijali ngeli.
Anashika ncha mbili za shuka, nami mbili.
"Wewe napima nini huko chuo?"
Hivihivi, nikasema.
Nina kitambaa cha muda, urefu wake siku tisa.
Naukisia mzunguko, nakikunja kwa kipimo hicho,
tabaka juu ya tabaka.
Ukikosea kwa unywele, maua hayakutani,
shuka nzima inakuwa kijivu.
Ukipatia, ua linalala juu ya ua, juu ya ua,
na penye vumbi panainuka kilima:
hapo ndipo taa ya nyota ilipotupitia.
Akatazama pembe zangu.
"Basi hapa nakosea. Kunja tena."

Nilikunja tangu Novemba.
Kila wiki siku yake ilirefuka, kiasi kile kile,
uchovu wenye adabu,
ningeweza kuutabiri hadi uzeeni mwangu.

Tarehe tisa Machi kilima hakikuwa mahali pake.
Kosa langu, nikajua.
Nikakagua saa ya chombo. Nikakagua jua.
Nikakunja mara kumi na nne.
Mvua dirishani; lori la taka likaja, likaenda.
Nyota ilikuwa imeongeza kasi.
Ghafla, bila kamba, bila mchapaji.

Profesa Pugh alifika na koti juu ya nguo za kulalia.
Akaangalia, akakaa, akaangalia tena.
Huenda ni gamba, alisema:
linakaza miaka na miaka, halafu linapata ufa,
nyota inajibana kwa unene wa ukucha, labda pungufu,
na pia inakimbia.
Au ni majimaji ya ndani, yenye mwendo wake.
Hakuna ajuaye kwa hakika.

Korogwe ilikuwa saa kumi na moja alfajiri.
"Sikudhani! Kuna nini usiku huu?"
Mama, imevunjika.
Kimya. Nilisikia jogoo,
na kifuniko cha sufuria kikitetemeka.
"Mfupa gani?"
Safari hii sikucheka.
Hatujui, nikasema. Ngozi, labda.
"Inatembea?"
Inazunguka. Kwa kasi kuliko jana.
"Basi itapona," akasema,
akaniuliza kama nimekula.