Swali la Nane

Ofisi ipo Chake, juu ya duka la rangi.
Ngazi ishirini na tatu. Nimezihesabu
kwa pumzi, si kwa miguu.
Ya kumi na nne ina ufa; hapo husimama
nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Kijana wa mezani anaitwa Mbarouk.
Ananipa shikamoo, ananisogezea kiti
na peni iliyofungwa kwa uzi
kama mbuzi.

Jina: Time Shaame Faki.
Makazi: Kangagani.
Kazi: kushona kofia.
La kwanza hadi la saba nimeyajibu mbio,
mtoto wa skuli aliyedurusu usiku.
La nane lina visanduku viwili,
vidogo kuliko vitobo ninavyovizungushia uzi:
ndiyo,
hapana.

Umewahi kuugua maradhi yafuatayo?

Mgonjwa haulizwi uji, walisema wa kale.
Hawakusema kuwa aliyepona ndiye ataulizwa,
ataulizwa mpaka uji upoe.

Langu ni la tatu kutoka juu,
kwa herufi zile zile walizoandikia pumu.
Ningepewa mstari mrefu ningeandika
miezi minane Dar, wodi ya feni moja;
nywele nilizoziokota mtoni mwa kitanda,
nikazifunga leso, nikaja nazo Pemba kuzifukia;
mikarafuu saba ya baba yake Khatib,
iliyouzwa pamoja na majamvi ya kuanikia,
na Khatib akisema miti ni miti tu,
kisha usiku, usingizini, akiihesabu;
na titi la kushoto,
ambalo hadi leo sijui wamelizika wapi.

Kisanduku hakina nafasi hiyo.
Natia alama: ndiyo.

Mbarouk anasoma. Anakuna shingo.
Anaingia ndani, anakawia, anatoka.
"Bi Time, hapana aliyekukataa."
(Nayajua maneno yanayoanza hivi.)
"Ila mchango wako utapanda,
na yale maradhi yenyewe hayatakuwamo,
kwa miaka mitano ya mwanzo."

Yaani watanilipia jino.
Watanilipia mguu nikiteguka kwenye ngazi zao.
Yaani nifunge milango yote, nikaze na madirisha,
niliache wazi tundu lile lile
aliloingilia mwizi.

Kofia moja ya kazi nzuri hunila wiki sita.
Wanataka, kwa mwaka, kofia kumi na nne.
Nimefanya hesabu kwa vidole chini ya buibui:
mwaka una kofia nane. Macho yakiridhia, tisa.
Na hapo hatujala.

Mbarouk anatazama mlango, kisha ukuta.
Sauti yake inashuka ngazi kabla yangu.
"Naweza kukupa fomu nyengine.
Ukaijaza nyumbani. Upya."

Ni mtoto mwema. Ana mama, bila shaka.
Fomu yenyewe nyeupe, haijaguswa na mtu,
kama mimi wa mwaka ule kabla ya uvimbe.
Na hapana ni neno jepesi, halina hata mfupa.
Lakini nikisema hapana,
nani aliyelala Dar miezi minane?
Nikisema hapana,
ile miti saba ilikwenda wapi?

Nimeikunja mara nne, nikaitia mkobani.
Kushuka hakuhitaji hesabu.

Khatib alikuwa uani, anapasua kuni.
"Wamekupa?"
"Wamenipa karatasi."
Akanitazama kidogo. Akaendelea kupasua,
pigo moja, jengine,
mpaka kuni zikapita za kupikia leo na kesho.

Usiku nikaifungua chini ya taa.
Jina nikajaza. Kangagani nikajaza.
La nane nikaliruka.
Nikatafuta miwani, nikaipata kichwani mwangu,
nikalowesha ncha ya uzi kwa ulimi
na kuanza kofia mpya.
Tundu la kwanza.