Vitu vya Mkononi

Orodha iliingia saa tano za usiku,
simu ikanguruma juu ya friji, paka akakurupuka.
"Idi pili, kwangu Mawaleh, baada ya alasiri.
Shuwa haitoki shimoni mpaka magharibi,
kwa hiyo kila mtu alete cha kushika mkononi.
Wali sitaki. Mchuzi sitaki. Vijiko sitoi."
Huyo ni Zeyana, wifi yangu.

Ghaniya: sambusa, mia.
Rayya: katlesi za jodari.
Salhiya: vileja, kama kawaida yake,
vikavu, kama kawaida yake.
Watu wa Nizwa: halwa, na tende.
Na mimi, mke wa Sleyum,
niliyeshuka hapa na sanduku moja kutoka Wete,
mwaka wa kumi na nne sasa:
vikombe vya karatasi.

Vikombe!
Na mwaka jana vikombe.
Kisa, mara moja, Wallahi mara moja tu,
kachori zangu zilipasuka mbele ya wageni,
karai likawa supu ya viazi,
na Zeyana akaniambia kwa ule upole wake unaochoma:
"Si neno, wifi. Mafuta ya huku hayajakuzoea."

Usiku ule ule nikabandika viazi.
Kachori haitaki ufundi, inataka subira.
Kiazi kipoe mpaka kisahau moto.
Pilipili mbichi itwangwe na chumvi, ndimu iingie mwisho,
donge lienee shimo la kiganja, lisizidi,
na uji wa dengu uwe mzito,
ukichovya kidole ukugande
kama mtoto siku ya kwanza ya chuoni.
Nilikaanga arobaini na mbili.
Mbili zilipasuka. Nikazila nimesimama,
ushahidi ukaisha.

Nikaingia Mawaleh na bakuli kichwa juu,
vikombe kwapani, kama vimenifuata wenyewe.
Nje jua linakaanga bila mafuta.
Ndani watoto wanahesabu idiya kwa kelele,
hina mikononi, unga wa vileja videvuni,
na chini ya kiyoyozi, kwenye godoro la kona,
Bi Thureya, mama yao.

Mwaka jana ilikuwa biriani.
Niliuona ule mkono wake, sote tuliuona:
kijiko kilitoka kwenye sahani kimejaa
kikafika mdomoni kitupu,
wali kifuani, wali mapajani,
na mjukuu, maskini, kwa mapenzi tu,
akachukua kijiko akamwambia, "Fungua mdomo, bibi."
Bi Thureya akaufunga.
Akasema ameshiba. Akashiba mpaka usiku.

Leo ameshika sambusa kwa pembe yake.
Mkono unatetemeka, sambusa inatetemeka nao,
wamekubaliana, wanakwenda pamoja,
na hakuna kinachomwagika.
Akala ya pili. Akala katlesi.
Akanyoosha mkono kwenye bakuli langu,
akaichagua kachori kama anayechagua bangili,
akatafuna, akanitazama.
"Nani kakaanga?"
"Mimi, mama."
"Ndimu umeitia mwisho."

Kisha Zeyana akapita na birika.
Finjani zimejipanga kabatini, za dhahabu, hakuzigusa.
Alichukua kikombe kimoja cha karatasi,
akakitia chai nusu,
akakiweka ndani ya ule mkono, akaachia, akaenda zake
kama mtu asiyefanya lolote.
Finjani ingegonga kisahani, nyumba nzima ingesikia.
Karatasi haisemi.

Nikaisoma upya ile orodha kichwani.
Vijiko sitoi.

Nilimfuata jikoni. Sikujua la kusema,
nikaanza kuosha kisichokuwa kichafu.
Yeye akafunga bomba.
"Mwakani ulete na kachori."
"Na vikombe?"
"Na vikombe. Vile vile, vidogo."
Akaongeza, maana ni Zeyana:
"Na pilipili upunguze."

Shuwa ilitoka magharibi, inanukia mtaa mzima,
na wanaume wakashangaa mbona hatuna njaa.
Bakulini ilibaki kachori moja.
Nilipogeuka tena haikuwapo.
Bi Thureya alikuwa anafunga mkoba wake,
taratibu, kwa mikono miwili,
na karatasi ya tishu imechungulia kidogo kwenye zipu.