Hesabu ya Jani

Jumatatu: sitini na wawili.
Wameanguliwa usiku, chini ya jani la mpasheni
unaoparamia ukuta wa choo chetu, Tabata Kimanga,
kila mmoja mwembamba kuliko uzi wa kushonea vifungo.

Sikudhani, chumba cha pili, alishakoroga jivu na sabuni.
Nikamwomba wiki moja. "Wiki ya nini, mwalimu?"
Ya kuhesabu, nikasema. Akacheka, akaacha ndoo pale pale.

Nikawabandua saba kwa unyoya wa kuku,
nikampa kila mmoja jani lake zima:
hakuna wa kumsukuma, hakuna wa kumnyang'anya.
Nilidhani nimewapa raha.

Jani lina ngozi ngumu kwa meno ya siku moja.
Wa kwanza alizunguka ukingoni tangu alfajiri hadi adhana ya magharibi
akitafuta pa kuanzia. Kesho yake hakuwepo.
Wawili walikauka. Watatu sisimizi waliwabeba
juu juu, kama mafundi wanaohamisha kabati.
Akabaki mmoja.

Kwenye jani la wengi walijipanga bega kwa bega,
kama vile wana mabega,
vichwa upande mmoja, wakakwangua hapo hapo, hapo hapo,
mpaka ngozi ikachanika tundu la sindano,
na wenye meno dhaifu wakala kupitia jeraha hilo.
Nyigu aliposhuka, wote walirusha vichwa kwa mpigo mmoja.
Akaondoka na wawili. Alitaka zaidi.

Sisemi wingi hauna gharama. Alhamisi mmoja aligeuka mweusi, akalegea,
na waliolala ubavuni mwake, kumi na mmoja,
wakamfuata.

Ijumaa usiku umeme ulikatika.
Nilikuwa napika kikombe changu kimoja cha mchele kwa mwanga wa simu,
nikawasikia uani Sikudhani na watoto wa Mzee Pazi
wakigombania ukoko.
Sijui nini kilinitoa. Nilishika tochi, nikashika unyoya,
nikamrudisha yule wa saba.

Hakuna aliyemuuliza alikotoka.
Mwili mmoja ulisogea, kiasi cha uzi.
Akaingia.

Asubuhi nilimtafuta:
arobaini na wawili, wote kahawia, wote wanakula.
Sikumjua tena ni yupi.
"Wangapi leo?" Sikudhani akauliza, mswaki mdomoni.
Nikafunga daftari.
"Wamo," nikamwambia.