Hodi ya Tatu

Saa tisa usiku, Tartu, mto umeganda,
nami nimezima taa zote ila moja ya zambarau.
Mbele yangu vioo viwili:
kushoto damu ya Joosep, miezi saba,
aliyeletwa kutoka Võru akikoroma kifua;
kulia damu yangu mwenyewe, ya kulinganishia,
niliyojitoa jioni kabla ya kula.

Daktari wa zamu ameandika pembeni:
"Seli zake za kinga zina uvivu."

Seli ya kinga haina haraka, husema Profesa Heldur.
Hulala imejikunja, kiini kimeijaza
kama kokwa katika tunda dogo,
mpaka mgeni ashike kitasa.

Nikabisha.

Yangu iliitika. Ghala la ndani likamwaga akiba,
chokaa kidogo, kiasi cha kuchafua ncha ya kidole.
Walinzi kuona ghala tupu wakakimbilia ukutani,
wakaligusa lango, lango likaachia,
na kalsiamu ya nje, ile ile ya ganda la yai,
ile ile iliyoyahama magoti ya bibi yangu,
ikamiminika ndani.
Mwanga ulipanda, ukashuka, ukapanda.
Kesho kutwa zitakuwa mbili, kisha nne.
Ifikapo Jumapili sitazihesabu.

Nikabisha kwa Joosep.
Hodi.
Ghala lilimwagika, nililiona: cheche moja, basi.
Hodi.
Walinzi walikwenda ukutani, nadhani;
hilo halionekani kwa taa hii.
Lango lilikaa vile vile lilivyochongwa,
herufi moja imekosewa katika mchoro wa fundi,
na kalsiamu imejazana nje
isijue pa kupitia.

Adabu inasema hodi tatu. Usipojibiwa, geuka.

Ya tatu sikuibisha mlangoni.
Nilikopa dawa kwenye friji ya Urve,
ile itoboayo ukuta wenyewe,
nikatia tone,
nikasubiri huku nikipuliza vidole.

Mwanga!
Kumbe ndani mlikuwa na watu.
Kumbe vyombo vilikwisha oshwa, taa imejazwa mafuta,
kimeng'enya kimekaa na mkasi wake mkononi;
kikamkata tarishi kamba za fosfeti,
naye akaingia kiini mbio
na neno moja: gawanyika.
Wote walikuwa tayari. Miezi saba wako tayari.

Najua, dawa ile ni sumu, haitiwi mtoto.
Atapimwa uboho dada yake wa miaka minne, Jumatatu,
na huenda ukalingana, huenda usilingane.
Mama yao, Külli, amelala kitini ghorofa ya pili
na viatu miguuni.

Niliandika daftarini kwa penseli, kalamu imegoma:
"Si uvivu. Zimefungiwa."
Kisha nikafuta. Heldur hapendi maneno ndani ya jedwali.
Nikaandika namba.